iPod classic ya GB 160: muziki kidogo, mafaili kibao

Mi iPod yangu ya zamani, kile kicheza muziki cha mfukoni cha Apple, bado naitumia mpaka leo na sio kwa muziki tu, ndani kuna vyeti vyangu vyote nilivyoskani, picha za familia, barua za kazi za miaka kadhaa. Ni ile classic yenye gurudumu, GB 160, na nyimbo zangu zote hazifiki hata GB 40, sasa nafasi yote hiyo ikae bure ya nini?

Kuigeuza diski wala haisumbui. Unachomeka kwenye kompyuta, unafungua iTunes, programu ya Apple ya kuingiza nyimbo, unaweka tiki pale panaporuhusu itumike kama diski, basi inatokea kama flashi yoyote na unaburuta mafaili yako. Ila nyimbo ukiziburuta hivyo hazipigi, inapiga zile tu zilizoingizwa na iTunes, nazo zinafichwa kwenye folda ya iPod_Control zikiwa na majina ya herufi nne yasiyoeleweka, kwa hiyo usizitafute huko.

Ninachokipenda kuliko vyote ni folda ya Notes. Weka humo faili la maandishi matupu, lisizidi KB 4, utalisoma kwenye skrini yake yenyewe bila kompyuta. Mi nimeweka namba za simu za ndugu zangu wote na siku simu ilipozima charji nikiwa safarini ndo zilinisaidia.

Mafaili makubwa ndo shida. Ikifomatiwa kwa Windows inakuwa FAT32, yaani mpangilio wa diski wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, video ya harusi ya dada ilikataa kabisa na nafasi ilikuwepo tele, ikabidi niikate vipande viwili. Ikifomatiwa kwa Mac nayo Windows haiisomi mpaka utafute programu ya pembeni, so kama unahamahama kati ya kompyuta fomati kwa Windows. Spidi ni ya USB 2.0, ukihamisha GB 30 chomeka ukaendelee na shughuli zako.

Halafu jamani, ndani ni diski inayozunguka, sio kama flashi, ikidondoka wakati inaandika unaweza kupoteza kila kitu. Na usichomoe waya kabla hujabonyeza Eject kwenye kompyuta, mi nilichomoa siku moja nikiwa na haraka, folda ya picha ikarudi na majina ya ajabu ajabu. Kubwa zaidi ni ile kuirestoa, yaani kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani: inafuta muziki NA mafaili yako pia. Yangu iliganda nikairestoa bila kufikiria, picha za marehemu bibi nilizipata kwa sababu dada alikuwa nazo, barua za wakati huo hazikurudi tena na bado zinaniuma. Tangu siku hiyo kila kinachoingia humo kina kopi nyingine kwenye laptopu.

Vyeti navifunga kwanza na programu ya 7-Zip na neno la siri, maana iPod yenyewe haifungi mafaili unayoburuta, ikiokotwa imeokotwa.

Kama unataka kununua iliyotumika kumbuka classic ziliacha kuuzwa 2014, kwa hiyo diski na betri vyote vimechoka, jaribu kwanza kunakili mafaili makubwa kwenda na kurudi kabla hujalipa. Na usichukue iPod touch kwa kazi hii, ile haikubali kutumika kama diski hivi.