Kabla ya Kununua Amplifaya ya Valvu, Igeuze Nyuma Usome Volti

Amplifaya yangu ya kwanza ya valvu iliishi wiki tatu. Ilitoka China kwa meli hadi Dar, ikapanda basi, ikafika Kigoma imefungwa kama trei ya mayai. Valvu nne za EL34 (zile chupa za kioo zinazowaka na kukuza sauti), wavu juu, mbao za kung'aa pembeni. Majirani zangu wa Mwanga walikuja kuitazama inavyowaka, rangi ya chungwa, kama mkaa unaoanza kukolea. Jumamosi ya tatu, saa saba usiku, watoto wamelala na rumba ya Kongo imeninogea, kitu kikalia "pa!" ndani yake. Ikafuata harufu ya samaki aliyeoza. Hapa kwetu harufu ya samaki haimshtui mtu. Nilikaa dakika nzima nikiwalaumu jirani na dagaa zake, mpaka nikaona moshi.

Tangu niliposimulia mkasa huo, wasomaji wananiuliza ninunue ipi, ninunue ipi. Haya, leo nawajibu. Lakini mkitarajia nianze na wati, au sauti "tamu" na "ya joto", mtasubiri. Hayo kila muuzaji anayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nina neno moja: volti.

Mzigo niliupeleka Ujiji kwa fundi mzee aliyeanza kazi enzi za redio za valvu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea redio ya babu yako?"

Nilimwambia ni mpya, ya mwaka huu. Alicheka. Hakuifungua siku hiyo. Aliiacha imelala bila waya wa umeme, na kesho yake, kabla ya kugusa chochote, aligusisha resista, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, kwenye miguu ya kapasita kubwa, vile vikopo vinavyohifadhi umeme, ili zimalizie umeme wake. (Fundi akiifungua yako na kuingiza mkono papo hapo, ichukue uondoke. Ndani mna volti zaidi ya 400, na kapasita hubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo inaua.) Kisha akanionyesha: kapasita mbili zimepasuka kichwani, zimeandikwa 450V, ndio mwisho wake wa kubeba. Akaigeuza nyuma, akaweka kidole kwenye kibandiko: 220V.

"Hapo ndipo ilipofia," akasema. "Imelishwa kuliko tumbo lake."

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, lakini hiyo 230 ni jina tu. Nimenunua kile kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, bei yake haifiki hata nauli ya kwenda na kurudi Kasulu, nikakiacha ukutani wiki mbili. Saa mbili usiku, kila nyumba ina pasi, friji na TV, kilisoma 214. Saa saba usiku, watu wamelala, kilisoma 247. Sasa transfoma iliyosukwa kwa 220 haijui kwamba wewe umeipa 247. Inazidisha kila kitu kwa kiasi kilekile. Volti 430 alizopima fundi ndani ya amplifaya yangu umeme ukiwa 220, zinakuwa 483. Kapasita ni ya 450. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza, ila kiwandani waliona haina haja.

Na si kapasita peke yake. Ndani ya valvu kuna kiwaya kinachoipasha moto, nacho kwa EL34 kinataka volti 6.3. Kikizidi asilimia kumi, yaani karibu 6.9, umri wa valvu unaanza kukatika. Kwa 247 yangu kilikuwa kinapata 7.07. Kumbe ule mng'ao mzuri uliowaleta majirani ulikuwa homa.

Kuna ubaya mwingine ndani ya ubaya huo. Amplifaya nyingi za bei nafuu hutumia dayodi kugeuza umeme wa ukutani uwe wa njia moja, na dayodi hazisubiri. Ukibonyeza swichi, volti zote zinapanda kwenye kapasita papo hapo, wakati valvu bado baridi na hazijaanza kunywa umeme. Kwa hiyo zile sekunde za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Zenye valvu ya rektifaya, yaani valvu inayofanya kazi hiyo badala ya dayodi, hupandisha taratibu, valvu zote zikipata moto pamoja. Mkiuliza kwa nini nitazipa alama zaidi huko chini, ndiyo sababu.

Wala msidhani volti 120 za Marekani ni jambo la mbali. Hapa Kigoma, na zaidi Kasulu na Kibondo, wafanyakazi wa mashirika ya wakimbizi wakimaliza mikataba huuza vyombo vyao, na vingine vimetoka Marekani. Nimeona amplifaya nzuri sana ikiuzwa bei ya kutupa, nyuma imeandikwa 120V 60Hz. Mtu atakwambia nunua tu transfoma ya kushusha. Transfoma ya kushusha hushusha volti, haibadilishi 50Hz yetu, yaani umeme kugeuka mara 50 kwa sekunde, kuwa 60Hz. Chuma kilichopimwa kwa 60 kikilishwa 50 kwa volti zilezile hubeba mzigo wa sumaku kwa asilimia 20 zaidi, kinavuma na kuchemka. Kama kiwanda kilikipa chuma cha kutosha utapona, ila viwanda vya bei nafuu havigawi chuma bure.

Sasa mpangilio wangu wa amplifaya za kununua.

Ya kwanza ni Willsenton R8, na sifichi kwamba naipenda. Nimeisikiliza kwa rafiki yangu Tabora jioni tatu mfululizo, nikarudi na treni nikiwa nimenuna. Inakubali valvu za EL34 au KT88, unageuza swichi tu, kwa hiyo aina moja ikiadimika una nyingine. Lakini kilichonishika ni mita yake ya bayasi iliyo hapohapo juu. Bayasi ni ule mkondo unaopita kwenye valvu hata muziki ukiwa kimya. Umeme ukipanda, nao unapanda. Kwa mtu wa Kigoma ambaye fundi wa valvu ni mmoja na ana miaka yake, kuweza kuisoma na kuirekebisha mwenyewe kwa bisibisi bila kufungua chini ni jambo kubwa kuliko wati zote za duniani. Bei yake inazidi dola 1,000 kabla hujalipa usafiri, na uzito wake unazidi kilo 20. Nitarudi kwenye kilo. Hata hii, mwandikie muuzaji kabla hujalipa, umuulize transfoma imesukwa kwa volti ngapi, na umwombe picha ya kibandiko cha nyuma cha ile mashine utakayotumiwa wewe.

Ya pili, Yaqin MC-100B. Ina valvu nne za KT88, valvu ya Waingereza tangu miaka ya 1950, na yenyewe iko sokoni miaka mingi, kwa hiyo michoro yake ya umeme inapatikana. Kwa fundi wetu mchoro ni nusu ya kazi. Bila mchoro anafuata nyaya kwa kidole kama anayetafuta chawa. Naiweka ya pili kwa sababu kurekebisha bayasi kunataka mita ya fundi na mkono usiotetemeka, na kwa sababu, nikiri, moyo wangu uko kwa ile ya kwanza.

Ya tatu ni zile ndogo zenye EL34 moja kila upande, Reisong A10 ikiwa mojawapo. Wati chache, vitu vichache vya kuharibika. Kama una spika kubwa za zamani zinazotoa sauti kwa umeme kidogo, zile za mbao alizoacha mzee, utafurahi. Kama unataka kusikika hadi Kibirizi, nunua sabufa kama watu wengine na tusisumbuane. Ukipata yenye valvu ya rektifaya na bayasi inayojirekebisha yenyewe, mimi ningeichukua kabla ya kubwa yoyote isiyo na jina.

Za mwisho ni zile za bei ya chini kabisa zenye vivalvu viwili vidogo mbele, 6J1 au 6N3. Kazi ya kusukuma spika inafanywa na chipu. Nyingine zimewekewa taa ndogo ya chungwa chini ya valvu ili ionekane inawaka. Si mbaya kwa kusikilizia chumbani. Ila usimwambie mtu una amplifaya ya valvu.

Kama ushanunua na nyuma imeandikwa 220, usiiuze kwa hasara. Njia rahisi ni stabilaiza kama ya friji, mradi toleo lake liwe 220 na uwezo wake uzidi mara mbili mahitaji ya amplifaya. Zenye rilei, vile viswichi vinavyojigeuza vyenyewe kwa umeme, hupanda na kushuka kwa ngazi, utasikia "ka, ka" katikati ya gitaa, lakini zinaokoa. Njia ya fundi wangu ni nzuri zaidi: alichukua transfoma ndogo ya 230 kwenda 12, ya ampea mbili, akaunganisha ule upande wa volti 12 mfululizo na waya wa umeme, kinyumenyume, ili itoe badala ya kujumlisha. Sasa 247 inafika kwenye amplifaya ikiwa kama 234, na ile 214 ya jioni inafika 203, ambayo valvu bado zinaivumilia. Ikiungwa vibaya itajumlisha, kwa hiyo apime kwanza bila kuchomeka amplifaya. Hilo lisifanywe na mjomba mwenye bisibisi.

Kapasita za volti 500 hazikupatikana Kigoma. Dar ziliulizwa, bei niliyotajiwa sitaiandika hapa. Mzee akaenda nyuma ya duka, kwenye lundo la TV za chogo zilizokufa, akang'oa kapasita nne za 100 mikrofaradi (kipimo cha umeme kapasita inaoweza kuhifadhi), volti 400. Akaziunga mbilimbili mfululizo: mbili zinakuwa 50 mikrofaradi na zinabeba volti 800, kila moja na resista yake pembeni ili zigawane mzigo sawa. Zile zilizopasuka zilikuwa za 47. Alizipima zote kwanza, mbili akazitupa, akang'oa nyingine.

Mengine mafupi. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika, utaiua transfoma ya kutolea sauti. Plagi ya miguu miwili inayokuja nayo itupe, ufungiwe ya miguu mitatu yenye ethi mpaka kwenye bodi ya chuma. Na ifunike kwa wavu wake, kwa sababu mijusi wanapenda joto. Wa kwangu alikutwa amekauka katikati ya soketi mbili za valvu, naye ndiye fyuzi pekee iliyofanya kazi.

Sasa kuhusu hao wauzaji. Wangu niliyemlipa nilimwandikia na picha za kapasita zilizopasuka. Akanijibu kwamba mashine yao ni ya "220 mpaka 240, nchi zote". Nikamtumia picha ya kibandiko chake mwenyewe. Akajibu nibadilishe kapasita, tena akaniita rafiki. Hawa watu wanajua. Usafiri unalipwa kwa kilo, na kilo za amplifaya ya valvu ni chuma na shaba ya transfoma. Ukitaka kuuza rahisi, unapunguza hapo hapo, mahali ambapo mteja hawezi kuona kwenye picha. Sisi tunahesabu valvu na kusifia mbao, wao wanahesabu gramu za shaba. Kisha mzigo unafika bandarini unakutana na ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu yake, na wakala, na basi, na kijana wa kupakua pale stendi anayedai elfu tano kwa sababu "mama, hii ni nzito". Ni nzito, ndiyo. Ingekuwa nzito zaidi isingeungua.

Hata valvu zenyewe zimepanda. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza, kiwanda cha Saratov nchini Urusi kinachotengeneza valvu za Electro-Harmonix na Sovtek kilikumbwa na zuio la kuuza nje, na zilipoanza kutoka tena bei ilikuwa imebadilika. Za JJ kutoka Slovakia zinapatikana, ila ukiziagiza mbili zinakuja kwa bei ya mbuzi. Ndiyo maana nasema usizichome kwa volti za bure.

Matengenezo yangu yote, zile kapasita za TV, transfoma ndogo na ufundi wa siku mbili, yalikuwa chini ya nilichomlipa wakala kwa kupandisha boksi kwenye basi. Mzee hakutaka hata kuandika risiti. Alichoomba ni nimwache asikilize upande mmoja wa santuri kabla sijaibeba, akakaa kwenye kigoda chake, kimita changu kimechomekwa pembeni kinasoma 229.