TAHADHARI: Ukiambiwa mbao nyeusi za ukutani zimeliwa na mchwa, zisitoke nyumbani kwanza

Wakuu, huu mchezo wa utapeli unawalenga wenye nyumba za zamani, hasa zile za miaka ya 50 hadi 70 ambazo chumba cha kulia kimezungushiwa mbao nyeusi mpaka mtu unahisi unakula ndani ya kabati. Anakuja mtu na simu iliyojaa picha za dainingi nyeupe zenye mistari na taa za LED. Ukaguzi bure. Anagonga ukuta mara tatu, anatikisa kichwa: "Mama, hizi zimeliwa. Tutazitoa na kuzitupa bila kukutoza, tunakuwekea paneli za kisasa za WPC, siku mbili tumemaliza."

Hapo kwenye "bila kukutoza" ndipo pa kusimama. Paneli anazoleta, hizo za WPC (unga wa mbao uliochanganywa na plastiki), zinampa faida kidogo. Faida kubwa ni mbao anazoondoka nazo, na wewe ndiye unamlipa azibebe.

Tuanze na kule kugonga. Gonga mwenyewe sasa hivi: utasikia mlio wa ngoma. Lazima usikie, kwa sababu mbao hizo hazikupigiliwa kwenye tofali. Zimepigiliwa kwenye papi, yaani vipande vyembamba vya mbao, zilizopangwa kila sentimita 40 hadi 60, na kati ya papi na papi ni hewa tupu. Ubao mzima kabisa utalia "ndu, ndu" katikati na "ko, ko" juu ya papi. Fundi wa mchezo anajua pa kugonga.

Kisha kuna ujanja wa unga. Anachokonoa kwa bisibisi nyuma ya skatingi (ule ubao wa chini ya ukuta), anatoa unga, anakumwagia kiganjani. Nyuma ya mbao zilizokaa miaka 50 unga haukosekani: vumbi, plasta iliyopukutika, uchafu wa mende. Wadudu wana alama zao na hazifanani. Bungua huacha vitobo vya mviringo vya milimita 1 hadi 2, na unga wake ni mwororo kama wa ngano. Mchwa wa mbao kavu huacha punje ngumu zinazomiminika kama mchanga mkavu, zikirundikana chini ya tundu. Mchwa wa ardhini hujenga vijia vya udongo, na ubao wake ukiuvunja unakuta udongo umejaa ndani. Asipokuonyesha kimojawapo cha hivyo vitatu kwa macho yako, hakuna mdudu aliyethibitishwa.

Kipimo cha uhakika ni bisibisi bapa ya milimita 6. Isukume kwa nguvu ya mkono tu, usigonge kwa nyundo, kwenye sentimita 30 za chini kuzunguka chumba chote, chini ya dirisha, na kwenye ukuta unaopakana na bafu au jiko. Ikizama zaidi ya milimita 5 bila shida, hapo pameoza au pameliwa. Ikikataa, songa mbele. Kawaida uharibifu unakuwa kwenye skatingi na vipande vichache vya chini, na hivyo vinakatwa na kuungwa. Mbao nne mbovu si sababu ya kubomoa kuta nne.

Sasa ujue una nini ukutani. Zima mein suichi, fungua kifuniko cha swichi moja ya taa, tazama ukingo wa ubao uliokatwa. Ukiona matabaka kama ya keki, hiyo ni plaiwudi yenye ngozi ya mbao juu, na thamani yake ni ndogo, hapo hatutakudanganya. Ukiona mshipa mmoja unaoendelea mpaka ndani, ni mbao halisi. Mvule ni kahawia ya dhahabu inayokolea kwa umri, na seremala akiukata msumeno hukutana na mawe meupe ya chokaa ndani ya ubao, hayo ndiyo yanayobutua meno ya msumeno. Mninga una michirizi ya wekundu na kahawia. Msaji unateleza kama umepakwa mafuta na ukikwanguliwa unanuka ngozi. Mkongo ni mwekundu na mzito kuliko yote hiyo. Mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya unanuka penseli, na kweli uliwahi kutengenezewa penseli.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.6, mbao zikienda juu mita 2.4. Mzunguko ni mita 15.2, eneo ni mita za mraba 36.5. Ondoa mlango na dirisha, inabaki karibu 33. Ubao ukiwa na unene wa milimita 20, una mita za ujazo 0.66 za mbao ngumu, ambazo ni kama futi za ujazo 23. Ubao mmoja wa mvule wa upana wa sentimita 15 una kilo nne na nusu hivi. Nenda Keko kama uko Dar es Salaam, au Gikomba kama uko Nairobi, uliza mbao kavu za aina hiyo zinauzwaje, kisha rudi umwangalie usoni yule anayetaka "kuzitupa". Mbao iliyokauka nusu karne haipindi tena ovyo, na seremala wa makabati anaijua thamani hiyo. Mninga na mkongo ziliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika mkutano wa Panama, Novemba 2022, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji vibali. Kenya nayo iliwahi kusimamisha ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018. Mambo hayo hayashushi bei ya ubao uliokwisha kukatwa.

Halafu angalia anachokuwekea. Paneli nyingi za mistari zinazouzwa kwa jina la WPC zina urefu wa mita 2.9 na upana wa sentimita 16, ila ulimi ukiingia kwenye mfereji wa mwenzake unabaki na sentimita 15 za kuonekana. Chumba chetu cha mfano, ukitoa mlango, kinakula vipande kama 95. Dari likiwa mita 2.4, kila kipande kinakatwa nusu mita. Wewe umelipia mita 2.9 yote, na vile vipande vya nusu mita vinapanda gari lake kwenda kuziba chini ya dirisha la mtu mwingine. Dai vibaki kwako; ndivyo utakavyokarabatia siku kipande kikivunjika, maana rangi ile ile baada ya mwaka huipati.

WPC ya kweli, kama tulivyosema, ina unga wa mbao ndani. Omba kipande kilichokatwa, tazama ukingo. Kikiwa cheupe pee na chepesi kama sponji ngumu, humo hamna unga wa mbao: ni PVC au polistairini. Toka nje, shika kijisehemu kwa koleo, kiwashie kiberiti, usivute ule moshi. PVC huwaka ikiwa ndani ya moto na kuzimika ukiutoa, na moshi wake unachoma pua kwa sababu una kloridi ya hidrojeni. Polistairini huendelea kuwaka na kurusha masizi meusi yanayoelea. Fikiria kitu hicho kikiwa kimezunguka meza ya chakula, mlango mmoja kutoka jikoni. PVC pia hulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kwa hiyo paneli iliyo karibu na jiko la gesi inaweza kuvimba na kuachia.

Na kuachia kunakuja mapema, kwa sababu huzibandika kwa vidoti vya silikoni tu. Mwambie atumie klipu na skrubu kwenye papi, utaona bei inavyobadilika. Bei itabadilika mara ya pili mbao zikishatoka: "Bosi, ukuta huku nyuma hauna plasta." Inawezekana kabisa kwamba haukupigwa plasta, kwa kuwa mjenzi alijua utafunikwa. Sasa unalipia plasta, unalipia nyaya za zamani zilizokuwa zimejificha, na mbao ziko kwenye gari tayari huna pa kurudi. Ukikuta nyuma shiti za saruji za kijivu zilizo ngumu na zenye nyuzinyuzi, usiruhusu zivunjwe wala kukatwa. Huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu.

Kama shida yako ni giza tu, jaribu hili kabla ya kumpigia mtu yeyote. Loweka pamba kwenye spiriti, sugua kona isiyoonekana kwa dakika moja. Pamba ikigeuka kahawia na ukuta ukanata, iliyopakwa ni shelaki, aina ya vanishi ya zamani. Isipobadilika, jaribu thina ya lakha. Ikilainika, ni lakha. Ikigoma kwa zote mbili, ni vanishi ya mafuta na utahitaji dawa ya kubandulia au msasa. Weusi mwingi unaolalamikiwa ni vanishi iliyoungua kwa umri, pamoja na mafuta ya jikoni yaliyokaa juu yake. Chini yake mbao ina rangi ya asali. Kuna vyumba vimeokolewa kwa kubandua vanishi tu, kupaka dari nyeupe na kubadilisha balbu kuwa za 2700 hadi 3000K, yaani zenye mwanga wa njano uliopoa.

Ukiamua kupaka rangi, nako kuna wezi. Huyu wa rangi anakuahidi koti tatu, anakuja na ndoo moja ya rangi ya maji, anapiga moja kwa moja juu ya vanishi. Jioni inapendeza. Baada ya siku chache yanatokea madoa ya njano na kahawia kama chai iliyomwagika, naye anasema ni unyevu, uongeze koti. Yale si unyevu. Mbao nyeusi zina tanini, rangi ya asili kama ya majani ya chai, inayoyeyuka kwenye maji, rangi ya maji inaivuta juu, na kila koti utakayoongeza itaivuta tena. Baada ya wiki kadhaa ukipitisha ukucha, rangi inabanduka kama ngozi ya kitunguu kwa sababu haikushika popote.

Kazi ya kweli inaanza na kuosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, sponji, kisha maji masafi mara mbili. Kuosha kunatangulia msasa, vinginevyo unasugulia mafuta ndani ya mbao. Acha zikauke siku nzima. Msasa namba 120 kuua mng'aro, kisha 180, ukifuata mshipa wa mbao. Kama ukuta uliwahi kupakwa rangi zamani, usipige msasa mkavu, rangi za enzi hizo zinaweza kuwa na madini ya risasi. Lowesha, na watoto wasiwepo. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya kuzuia madoa, ya shelaki au ya mafuta. Ya maji usiikubali hapa, hata akiapa.

Kwa chumba chetu, ongeza asilimia 15 kwenye zile mita 33 kwa ajili ya mifereji kati ya mbao, unapata 38. Lita moja ya praima inachukua kama mita 10, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha koti moja, na penye fundo ongeza ya pili. Koti mbili za juu kwa mita 12 kwa lita ni lita 6.3, yaani makopo mawili ya lita 4. Akikuandikia ndoo mbili za lita 20, hizo zinakwenda nyumba nyingine. Nunua mwenyewe, fungua mwenyewe, na usiende kwenye duka analokuelekeza yeye, maana cha juu chake kimo kwenye bei.

Kabla hajaendelea mwambie apige praima na koti moja kwenye sentimita 30 kwa 30, msubiri siku tatu. Kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika seloteepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, au doa la njano likitokea, arudi kwenye msasa. Mifereji kati ya mbao asiijaze puti, mbao hupanuka masika na kusinyaa kiangazi, na puti itapasuka. Penye kona ajaze kizibo cha akriliki. Silikoni haishiki rangi. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kwa hiyo chukua rangi ngumu ya maji ya mbao, au chagua krimu mapema.

Malipo: vifaa ulipe dukani, ufundi kwa hatua. Hatua ya kwanza ilipwe baada ya kile kipande cha majaribio kupita, si kabla. Kwenye karatasi andikeni aina ya praima, idadi ya koti, na sentensi hii: "Mbao zote zitakazotolewa ni mali ya mwenye nyumba na zitabaki kwenye eneo la nyumba." Asiyetaka kusaini hiyo, umeshamjua. Piga picha ya kila ukuta, hesabu mbao, andika namba nyuma ya kila moja kwa chaki.

Kama umeshalizwa, usifute meseji za M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp. Tanzania, kwa paneli zilizouzwa kwa jina lisilo lake, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Kwa mbao zilizobebwa, anzia polisi na ofisi ya serikali ya mtaa, ukiwa na zile picha na hesabu. Kenya, dai lisilozidi shilingi milioni moja linaingia Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili. Na kama gari lake limeondoka asubuhi hii tu, mtume mtu anayezijua mbao zako akapite kwa maseremala wa jirani kabla ya jioni. Zikishapigwa randa hutazitambua tena.