TAHADHARI: Yule bundi niliyewaringishia ni bati

Nimekaa siku nne najishauri niandike au ninyamaze. Ninyamaze, maana picha mlizipata wote na nyingine najua bado mnazo. Niandike, maana leo asubuhi nimemkuta muuzaji yuleyule, kwa jina jipya, anamuuza bundi yuleyule, yaani ile sarafu yenye picha ya bundi inayojifanya fedha ya Athens ya kale. Basi aibu ikae pembeni. Nimepigwa, jamani. Nimepigwa mchana kweupe, mimi niliyewahubiria tangu Januari kwamba sarafu za kale haziwezi kuniingiza mkenge.

Kabla hamjacheka, sikilizeni nilivyoingia.

Kwanza nilinunua kwake zile shaba tatu za Kirumi, zile za mbwa mwitu jike anayenyonyesha mapacha, zenye URBS ROMA upande wa pili. Na zile ni halali, nasema hivyo hata leo. Herufi zimegongwa kwa nguvu mpaka moja imetoka nje ya ukingo, ukingo wenyewe una mipasuko, na kijani chake kimezama mpaka kwenye mikunjo ya kofia. Bei ilikuwa ndogo, lakini bei ndogo kwa shaba za karne ya 4 si ajabu. Enzi za Constantine, mfalme wa Roma, ziligongwa kwa wingi mno, na hadi leo zinafukuliwa vyungu kwa vyungu. Kwa hiyo nilimwamini kwa haki kabisa. Alinipa kitu halisi, kwa bei yake halisi, na kikafika kwa wakati. Nani asingeamini?

Ndicho kilikuwa chambo. Hakunitajia bundi hata siku moja. Alisubiri wiki kama tatu, akaniuliza tu kama nimeridhika na mbwa mwitu wangu. Tukaanza kuzungumza. Akasema sarafu ni za marehemu mjomba wake, amerithi sinia zima, na yeye mwenyewe hajui kitu. "Mimi si mtaalamu, ndugu yangu. Tazama mwenyewe, uamue." Nikauona huo ni unyenyekevu. Sikuona kwamba mtu anayesema hajui amejiwekea mlango wa kutokea mapema.

Kisha zikaja picha. Mbele Athena, mungu wa kike wa Athens, na jicho lake kama la mlozi, majani ya mzeituni kwenye kofia. Nyuma bundi ametutumbulia macho, kitawi cha mzeituni na mwezi mchanga vikiwa begani, herufi ΑΘΕ upande wa kulia. Na katikati ya mwezi na kichwa cha bundi, alama ya patasi.

Hiyo patasi ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa nimesoma kwamba wafanyabiashara wa kale walizikata hizi sarafu ili waone kama ndani ni fedha tupu au ni shaba iliyovishwa fedha, maana feki za kuvisha zilikuwepo tangu enzi hizo. Nikajiambia, mtu wa miaka elfu mbili iliyopita ameshanikagulia, mimi nani nikague tena? Niliikuza ile picha mpaka ikawa vidoti. Nikaona ng'aring'ari ya fedha ndani ya mkato. Niliona nilichotaka kukiona. Nikalipa usiku uleule, kwa bei ambayo kwenye mnada wa maana usingepata hata bawa la bundi.

Bahasha ilipofika nilifunga mlango. Pamba, kisha karatasi laini, kisha cheti kimepigwa muhuri mwekundu na utepe juu yake, kisha yeye. Nikamweka kiganjani. Baridi, mzito, mweusi kwenye mabonde na mweupe kwenye vilele. Nikambinyabinya kama mtu anayechagua parachichi. Sumaku nilijaribu, haikushika, nikafurahi kama mtoto (fedha haishiki sumaku, kweli, lakini bati na risasi nazo hazishiki). Mizani ilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Sikumpima. Nadhani nilikuwa naogopa jibu. Nikawapigia ninyi picha.

Wiki hii nikaona tangazo la bundi mwingine. Patasi ileile, katikati ya mwezi na kichwa. Kibonyeo kilekile kwenye tundu la pua ya Athena. Ufa uleule chini ya herufi ya mwisho. Nikadhani ameiba picha ya sarafu yangu. Nikamtoa wangu nikamlinganisha, nikaona kivuli kimeangukia upande mwingine. Ni sarafu nyingine. Jasho likanitoka.

Sarafu hizi ziligongwa kwa nyundo, moja moja, kidonge cha fedha kikiwa katikati ya mihuri miwili. Sarafu mbili zinaweza kutoka kwenye muhuri mmoja, sawa, lakini haziwezi kukatwa patasi mahali pamoja na kubonyea pua pamoja. Hizo zimemiminwa kwenye kalibu moja, kwa kuinakili sarafu mama moja.

Ndipo nikapima. Gramu 14.6. Bundi wa Athens wa karne ya 5 KK anatakiwa awe karibu gramu 17.2, aliyechakaa sana ungemsamehe kidogo, huyu hasameheki. Nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikamning'iniza bundi kwa uzi azame bila kugusa chini. Ikasoma gramu 1.9, ndio uzito wa maji aliyoyasukuma. Gawanya 14.6 kwa 1.9, unapata chini kidogo ya 7.7, yaani ndivyo alivyo mzito mara nyingi kuliko maji ya ukubwa wake. Fedha ni zaidi ya 10. Bati ni kama 7.3. Nilirudia mara tatu, nadhani nilitegemea hesabu ingenionea huruma. Nikapaka dawa ya kuondolea rangi ya kucha, pamba ikatoka nyeusi tii na uzee wote ukaisha kwa dakika moja. Chini ya kioo cha kukuzia midomo ya ule mkato ni duara, laini, kama sabuni iliyotumika. Patasi ya kweli huacha midomo mikali.

Nilimtumia picha ya mizani. Jibu lake: "Nilikwambia mimi si mtaalamu." Kisha akanifungia.

Mnajua Athens yenyewe ilifanyaje? Mwaka 375 KK walitunga sheria, maandishi yake yako kwenye jiwe lililofukuliwa mwaka 1970. Mkaguzi aliketi sokoni. Sarafu yenye shaba au risasi ndani, au iliyo feki, ilikatwa palepale na kuwekwa wakfu kwa Mama wa Miungu isirudi tena mikononi mwa watu. Mkaguzi asipofanya kazi yake, viboko 50. Viboko 50 kwa mkaguzi mzembe tu! Sasa huyu mmiminaji, aliyethubutu kughushi hata alama ya ukaguzi, mimi ningempa vingapi? Nataka afungiwe kila jina alilonalo. Nataka arudishe kila senti kwa kila mtu. Nataka aketi sokoni na sinia la mjomba, asome kwa sauti vyeti vyake vyote huku sisi tukimpimia bati lake kwenye maji. Mjomba gani? Mjomba ni tanuri!

Haya, mnaoniuliza dalili. Mapacha ndiyo kubwa: kabla hujalipa, tafuta picha za sarafu kama hiyo uone kama ina ndugu mwenye kovu lilelile. Omba uzito na picha ya ukingo. Mshono uliosuguliwa kwa tupa huonekana, na vitundu vya mapovu pia. Akisema hana mizani, ondoka. Uzito ukiwa sawa bado si uthibitisho, wapo wanaogonga feki kwa mihuri kabisa. Cheti alichojichapia muuzaji kifungie maandazi. Hata ile sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, iliyouzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3 ilikutwa na karatasi za uongo kuhusu ilikotoka, ikarudishwa Ugiriki 2023. Mengine nitawaambia nikitulia, sasa hivi mikono inatetemeka.

Mwenye bundi aliyekatwa kati ya mwezi na kichwa, pua imebonyea, ufa chini ya herufi ya mwisho, anitumie picha na uzito leo. Tayari nina wangu na wa kwenye tangazo. Wakifika watatu nayapeleka malalamiko tukiwa pamoja.