Kipimia gari cha kuchomeka: kidude kidogo kwa gari lililozeeka

Gari langu limeshapita kilomita 200,000 na lina tabia za gari la umri huo: ukitengeneza hiki leo, kesho kinaharibika kile. Ubovu nimeshauzoea. Kilichonichosha ni kulipia kubahatisha. Taa ya injini inawaka, fundi anasikiliza mlio, anasema hizo plagi. Unanunua plagi, taa inarudi. Basi itakuwa sensa. Unanunua sensa, taa inarudi. Na spea ikishafungwa, dukani hairudi.

Ndiyo maana nikanunua kipimia gari cha aina ya ELM327, kile kidogo kama kiberiti, kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu kupitia Bluetooth. Kabla hujatoa pesa, hakikisha gari lako linatumia mfumo wa OBD-II, yaani ule ambao kompyuta ya gari hujikagua na kutoa namba za makosa. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo kuanzia modeli za 1996, na Ulaya kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yalichelewa, hivyo kwenye baadhi ya yale ya zamani utakuta soketi ipo kabisa, unachomeka, na havielewani.

Kazi iliyokirudishia gharama yake ilikuwa hii. Gari lilianza kutetemeka likiwa limesimama taani, na likipanda mlima linakosa nguvu. Gerejini nikaandikiwa koili nne (zinazoipa plagi umeme), plagi nne na kusafisha nozeli (zinazopuliza mafuta kwenye injini). Nikachomeka kidude, kikatoa P0301, yaani silinda namba moja haichomi vizuri. Sasa hapo ndipo wengi wanapokielewa vibaya: namba inakuonyesha mahali pa kutafuta, haikutajii spea ya kununua. Silinda inaweza kukosa kuchoma kwa sababu ya koili, plagi, nozeli, au hata mgandamizo kupungua. Nikazima injini, nikang'oa koili ya silinda ya kwanza nikaibadilisha nafasi na ya tatu, nikafuta kosa, nikazunguka na gari. Taa ikarudi, safari hii namba ni P0303. Ubovu umehama na koili. Nikanunua koili moja. Fundi alicheka, akaniuliza, "Mzee, unataka kunifungia gereji?" Lakini tangu siku hiyo ananiuliza namba kwanza kabla hajafungua boneti.

Kitu kingine ninachokipenda kuliko hata hizo namba ni kutazama joto la injini gari likiwa linatembea. Ule mshale wa dashibodi kwenye magari mengi umetengenezwa usimtie dereva wasiwasi: unakaa katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa, ukija kusogea maji yameshachemka. Kwenye simu niliona joto linapanda hadi nyuzi 108 nikiwa kwenye foleni, mshale umetulia tu. Nikitoka kwenye foleni na kukimbia, linashuka lenyewe. Upepo wa mwendo unafanya kazi ya feni, kwa hiyo tatizo ni feni haizunguki. Ilikuwa rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, kitu kidogo na rahisi ukilinganisha na gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Volti za betri pia zinaonekana: injini ikiwa inanguruma nategemea kuona kati ya 13.5 na 14.5 hivi, zikibaki kwenye 12 najua alternata haichaji.

Kasoro zake zipo. Feki zimejaa, na nyingine zimepunguziwa uwezo wa kuongea na baadhi ya magari. Bluetooth inakatika inapojisikia. Changu hakisomi ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga) wala mifuko ya hewa, na programu ya bure ina matangazo yanayokera. Usikiache kimechomekwa gari likilala siku nyingi, kinanyonya betri, na betri ya gari kuukuu huwa haina akiba. Bushi, shokomzoba, beringi inayovuma, oili inayovuja: hayo yote hakiyajui, bado utahitaji fundi mwenye masikio.

Halafu kuna hii ya kufuta makosa. Taa inazimika papo hapo, na mtu anadhani amepona. Ukifuta, unafuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mizunguko, mwendo. Andika kwanza, ndiyo ufute. Wauzaji wa magari yaliyotumika wanaujua mchezo huu vizuri sana. Ukienda kukagua gari, nenda na kidude chako ufungue ukurasa unaoonyesha majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe. Ukikuta mengi hayajakamilika, ama betri ilichomolewa karibuni, ama kuna mtu amefuta makosa asubuhi hiyo. Muulize muuzaji ni lipi kati ya hayo mawili.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya Bluetooth.