Usiku wa gemu wa "wanaoanza": nimetolewa nishai kwa elfu tano yangu

Nianze na kitufe cha skwea kwenye pedi ya gemu, maana ndicho kilichoniharibia usiku.

Wiki kadhaa zimepita tangu niende kwenye usiku wa gemu kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Sinza. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Tangazo lilisema Tekken 8, lile gemu la kupigana, usiku wa wanaoanza, njoo ufundishwe, kiingilio elfu tano. Mimi ni wa Tekken 3, zile za kibandani: unamchukua Eddy Gordo, unatwanga vitufe vya eksi na duara kama unatwanga kisamvu, mwenzako anazira. Nikasema safari hii nijifunze kweli, nisiwe mtu wa kubahatisha miaka yote.

Mafunzo yenyewe hayakumaliza hata soda yangu. Jamaa wa ukumbi alisimama mbele akaanza kushusha namba: jebu, yaani konde la haraka, fremu 10, hii fremu 15, hii ukikingwa umeumia. Fremu ni nini, hakusema. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba gemu linaonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha ndiyo fremu moja, kwa hiyo jebu ya fremu 10 inakufikia ndani ya sehemu moja ya sita ya sekunde. Sentensi moja hiyo! Ilimshinda nini kuisema?

Halafu utaratibu: mshindi anabaki, aliyefungwa anasimama. Usiku wa wanaoanza, mshindi anabaki! Maana yake mwenyeji mmoja anakalia kiti mpaka kinapata joto, sisi wageni tunacheza dakika tatu na kusimama arobaini.

Zamu yangu ikafika. Kitini kulikuwa na mzoefu, anacheza na King, yule mwenye kichwa kama cha chui. King anakukamata miguu, anakuzungusha kama mtu anayekung'uta blanketi, anakurusha. Dawa yake niliisoma nyumbani: ukiona umekamatwa hivyo, bonyeza skwea mara moja, unajinasua. Nikabonyeza. Nikazungushwa. Nikabonyeza tena. Nikazungushwa tena. Najua utaniambia si ungeinama tu. Niliinama, maana ukiinama mikono yake inapita hewani, lakini naye alikuwa ananisubiri huko huko chini na pigo la kati, ambalo aliyeinama hawezi kulikinga. Ndiyo mtego wenyewe wa King: ukisimama unakamatwa, ukiinama unapigwa. Uniondolee skwea, sina mchezo.

Nikatazama pedi. Skwea ukiibonyeza inazama, hairudi.

Nikamwambia jamaa wa ukumbi kwa adabu kabisa, "Kaka, hii skwea imekufa." Hata hakugeuka. "Mzee, asiyejua kucheza husema uwanja mbovu. Rudi kwenye gemu za mpira." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee! Nina miaka thelathini na sita.

Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni lililofuata. Zamu yake ilipofika akaichukua pedi ile ile, akaibonyeza skwea mara mbili kwa kidole gumba, akaisukumia chini kabisa ya boksi, akachomoa nyingine kwenye begi lake. Alijua. Alijua tangu mwanzo!

Na ukutani wamebandika picha ya Arslan Ash, yule mchezaji wa Tekken Mpakistani aliyebeba EVO, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, ya Japani na ile ya Las Vegas mwaka huo huo mmoja, 2019, akitokea Lahore wakati macho ya wengi yakiwa Japani na Korea. Mmembandika wa nini kama mgeni mnamcheka?

Nilikuwa natafuta viatu vyangu niondoke. Kona ya nyuma kulikuwa na dogo na televisheni ndogo yenye Tekken 7, haina foleni. Akaniambia, "Kaka, njoo. Kaa. Sasa weka pedi kwenye paja, usiguse kitu." Nikadhani naye ananicheka. Akanipiga konde la juu, akanipiga la kati, mtu wangu akakinga mwenyewe. Miaka yote ile na Eddy sikujua kwamba ukitulia tu unakinga! "Watu wanaoanza wanapigwa kwa sababu wanabonyeza," akasema. Pigo la chini tu ndilo unalolivutia nyuma na chini, na mtu akikufagia miguu ukakinga, wakati huo yuko wazi, mrudishie. Tulikaa saa nzima kwenye hilo tu, na kutazama mkono gani unatangulia anapokuja kukukamata. Hajaniomba hata soda. Niliporudi kwenye foleni nilifungwa, ila raundi moja nilichukua. Na pedi nzima, aliniazima dogo.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilifungua simu niandike moja. Kwa ajili ya dogo nikafikiria tatu, pengine nne, maana saa ile moja ilizidi elfu tano. Lakini dogo si mfanyakazi wao! Naye alilipa kiingilio kama mimi. Basi, ukumbi moja, na hiyo moja ni ya feni.

Ijumaa nakwenda. Nimeshanunua pedi yangu, skwea yake inalia tik. Yule wa King asihame kiti.