The Go-Betweens warudiana: uzoefu wangu na albamu ya The Friends of Rachel Worth

CD hii niliinunua ikiwa ya mtumba, kasha limepasuka pembeni lakini diski yenyewe haina mkwaruzo, kwa kuwa nilitaka kujua kama Robert Forster na Grant McLennan walikuwa bado na jipya. Bendi yao ya pop ya indie, iliyoanzia Brisbane, Australia, ilivunjika mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kutoa 16 Lovers Lane, na albamu hii ikatoka mwaka 2000. Bendi nyingi zikirudiana huishia kupiga zilipendwa. Hawa walikwenda Portland, Marekani, wakarekodi nyimbo 10 mpya, kila mmoja akiimba tano, huku Janet Weiss wa bendi ya roki ya Marekani, Sleater-Kinney, akipiga ngoma na Adele Pickvance akishika gitaa la besi.

Anayetarajia ulaini wa albamu ya 1988 ataukosa. Lindy Morrison, mpiga ngoma wa zamani, hayumo, wala hayumo Amanda Brown, ambaye fidla na zumari lake viliwahi kuzipamba nyimbo za bendi hii. Pengo la Amanda nililisikia hasa katika nyimbo za McLennan. Magic in Here, inayofungua albamu, ni nzuri kweli, lakini moja mbili kati ya zake zinapita bila kuacha alama.

Forster ndiye aliyeniteka. Katika German Farmhouse anasimulia maisha ya Ujerumani, na sauti ya magitaa imefanywa ya kukwaruza kwa makusudi hivi kwamba mara ya kwanza nilidhani spika zangu zina kasoro. Surfing Magazines ni kinyume chake: wimbo mtulivu wa mtu mzima anayekumbuka jinsi majarida ya kuteleza juu ya mawimbi yalivyompa ndoto ya kuacha kila kitu akaishi ufukweni, na anaimba bila kuidhihaki ndoto hiyo wala kujifanya bado anaiamini. Kisha kuna wimbo wa mwisho, When She Sang About Angels, ambamo msimulizi anamtazama mwanamke akiimba jukwaani, na mwanamke huyo anapofika kwenye wimbo wa kumkumbuka Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, msimulizi anasikitika kwamba haukumhusu Tom Verlaine, mwimbaji wa bendi ya Television. Nilicheka peke yangu, maana ni malalamiko ambayo shabiki sugu pekee ndiye angeyathubutu.

Baada ya hii walitoa albamu nyingine mbili, ya mwisho ikiwa Oceans Apart ya mwaka 2005, kabla ya McLennan kufariki mwaka 2006. Ambaye hajawahi kuisikiliza bendi hii namshauri atangulize 16 Lovers Lane, ambayo inamzoesha msikilizaji haraka zaidi, kisha aje kwenye hii. Asikilize kwa spika badala ya kuvaa vipokea sauti masikioni, kwa sababu ngoma za Weiss zinahitaji nafasi.