Mkanda wa mgongo wenye vyuma vinne: unafaa, ila si dawa

Mkanda huu wa lastiki hauponyi diski (mto laini kati ya pingili za uti wa mgongo) iliyochakaa wala viungo vidogo vya nyuma ya pingili vilivyolika. Unapunguza tu kuinama na kujipinda. Maumivu ya diski mara nyingi huzidi ukiinama, ya viungo hivyo ukijipinda kwa nyuma. Vyuma vikae kulia na kushoto kwa uti, ukingo wa chini ushike nyonga. Wengi huuvaa juu mno, karibu na mbavu, wakati pingili za chini kabisa za kiuno ndizo zinazochakaa zaidi. Velkro, yaani kifungo cha kunatisha, ni mbovu: ikijaa nyuzi, inaachia ukikaa. Vaa kwenye kazi nzito tu, usilale nao. Ukipata ganzi sehemu za siri au mkojo ukiziba, nenda hospitali mara moja.